Maneno Aliyoyameza Redio

"Toka humo! Umehamia chooni? Umepanga chumba humo?"

"Mwambie huyo anayegonga mlango kama askari kwamba namalizia."

"Anasemaje? Ananitukana, eh? We mtoto, amesema nini?"

"Anasema samahani, anatoka sasa hivi."

"Samahani gani ndefu namna hiyo?"

"Kwa lugha yetu ni ndefu, mama."

Mlango wa choo ukafunguka. Bibi akatoka polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Mama Pacha, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa amesimama pale na pacha wake. Mmoja analia, mwingine ameshajikojolea.

"Ona sasa!" akasema Mama Pacha. "Kila asubuhi hivihivi. Mwambie bibi yako choo ni cha wote."

"Bibi, anakuuliza umeamkaje," akasema Redio.

"Mwambie nimeamka, ila si vile anavyotaka yeye."

"Anasema pole kwa mtoto."

Mama Pacha akaguna, akawavuta pacha wake ndani. Vita vikaishia hapo. Redio akachukua mfuko wake wa shule, akaondoka anapiga mluzi.

Redio ni jina la utani. Jina la shuleni alikuwa nalo, lakini hata mwalimu wa zamu alikuwa ameshalisahau. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usio na swichi. Mechi za shule alitangaza yeye, kwa kopo la rangi lililotobolewa kitako. Na nyumbani pia alikuwa anatangaza, ila huko ilikuwa kazi, haikuwa mchezo.

Bibi alikuwa mama wa baba yake. Alitoka mbali, kwa watu wachache wenye lugha yao, na pale mjini hukuwa unaisikia popote. Alikuja kukaa na mwanawe. Mwanawe akaugua, akafa, Bibi akabaki na mkwe wake kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati. Mkwe hajui lugha ya Bibi. Bibi naye, kwa lugha ya mjini, alijua "maji", "asante" na "funga mlango". Zamani baba ndiye aliyekuwa anamsikiliza huyu na kumgeukia yule. Alipofariki, kazi ikamwangukia Redio. Hakuna aliyemuuliza kama anaiweza.

Mwenyewe alijiona anaiweza sana. Bibi akisema, "Mama yako leo kapika mboga au kachemsha maji ya kuoshea miguu?" Redio alimgeukia Mama: "Anasema mboga tamu." Mama akisema, "Mwambie aache kuweka masufuria juu ya nguo zangu za kazi, nimechoka," Redio alimgeukia Bibi: "Anashukuru umeosha masufuria." Wote wawili wanatabasamu. Wanakula. Nyumba imetulia. Ulikuwa uongo, lakini ulikuwa uongo mdogo mdogo, na kila mtu alilala vizuri.

Na Bibi alikuwa mtu wa utani. Alimwita Redio "mume wangu".

"Mume wangu, tangu unioe hujaninunulia hata leso."

"Subiri mshahara, mke wangu."

"Mshahara gani, na hesabu unapata sifuri?"

Mambo ya bibi na mjukuu. Kati yao hakuna kitu ambacho hakikutaniwa. Ndivyo Redio alivyodhani.

Jioni ile Mama alirudi kutoka kiwandani. Alishona sare za shule, lakini yeye kazi yake ilikuwa kola tu. Alikuwa ameshona kola mpaka amezichoka, na shati zima hajawahi kulimaliza. Akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Kesho utampeleka Bibi kliniki," akasema. "Kiuno kinamsumbua, namwona."

"Kesho kuna mechi, Mama!"

"Mechi haina kiuno."

"Kwa nini usiende wewe?"

"Nikaseme nini mimi? Nimwoneshe daktari kwa vidole? Na nikikosa kesho, kiti changu kitakaliwa na mwingine. Wapo nje ya geti wanasubiri. Utakwenda wewe."

Redio akalala amenuna. Asubuhi aliamka bado amenuna.

Kliniki ilikuwa nyumba ndefu yenye mabenchi ya mbao. Chumba cha daktari hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la kijani lisilofika chini. Waliosubiri kwenye benchi la mbele walikuwa karibu kabisa na pazia, unaweza kuwasikia wakikohoa. Na nani alikuwa amekaa pale mbele, amempakata mdogo wake mwenye homa? Kiranja wa darasa lao. Msichana mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani.

"Redio!" akasema. "Mechi atatangaza nani?"

"Nitawahi," akasema Redio.

Wakaitwa. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akamsaidia kukaa, ndipo akamuuliza Redio, "Bibi anaumwa nini?"

Redio akauliza kwa lugha yao. Bibi akaangalia sakafu. Halafu akaongea kwa sauti ya chini, na safari hii hakuna mume wangu, hakuna mzaha.

"Mwambie kiuno kinauma, huku pembeni. Mwambie nikienda haja ndogo nasikia kuchomwa kama naungua moto. Inatoka kidogo kidogo, halafu nataka tena. Na sasa kuna damu. Mwambie vizuri, mjukuu wangu. Sijamwambia mtu yeyote. Mama yako ni mkwe wangu, siwezi kumwambia mambo haya. Wewe ndiye mdomo wangu."

Masikio ya Redio yakawaka. Chini ya pazia aliona viatu vya kiranja, vyeusi, vinachezacheza. Aseme mkojo? Aseme mkojo wa bibi yake una damu, na yule anasikia? Kesho darasa zima lingejua, na kesho kutwa shule nzima.

"Kiuno," akasema. "Anasema kiuno kinauma."

Daktari akamwangalia. "Amesema maneno mengi."

"Anarudiarudia. Ni mzee."

"Na mkojo je? Anapata vizuri?"

"Anauliza nini?" akauliza Bibi.

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekunywa uji."

Redio akamgeukia daktari. "Anasema anapata vizuri."

Daktari akaandika dawa za maumivu, akasema Bibi apumzike na asinyanyue vitu vizito. Bibi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia ile "asante" yake. Hakutaka kumwachia. Daktari mwenyewe akacheka kwa aibu.

Njiani Bibi akauliza, "Umemwambia yote?"

"Yote."

"Hata ile ya damu?"

"Nimemwambia, Bibi."

"Akasemaje?"

"Akasema dawa hizi zitamaliza."

Bibi akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Akaanza kutembea upesi kidogo.

Redio aliwahi mechi kipindi cha pili. Akatangaza vizuri tu, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Usije ukadhani mtu akidanganya anaumwa tumbo papo hapo. Hapana. Ni baadaye.

Siku za mwanzo maumivu ya kiuno yalipungua, maana dawa za maumivu kazi yake ndiyo hiyo. Bibi akafurahi. "Yule daktari wako anajua kazi," akasema. Alimeza vidonge vyake kwa wakati, anavipanga dirishani kama mali. Redio alimwona anavyovimeza kwa imani yote ile, akageuza uso.

Kisha yakarudi, mabaya zaidi. Redio alianza kuona mambo. Bibi akipewa maji, anasubiri Mama ageuke, anayamwaga kwenye ndoo.

"Kunywa maji, Bibi."

"Nikinywa natoka. Nikitoka naungua. Na yule wa chumba cha mbele anagonga mlango. Acha tu, dawa inafanya kazi. Daktari ameshajua."

Daktari ameshajua. Redio alikuwa anasikia maneno hayo hata darasani.

Alijaribu kumwambia Mama. Alimsubiri mpaka akarudi, akamwekea chakula.

"Mama, yule daktari..."

"Alitoa dawa, si ndiyo?"

"Alitoa, lakini..."

"Basi tushukuru." Mama alikuwa ameshaanza kusinzia, kijiko mkononi. Redio akakichukua kile kijiko, akakiweka sahanini. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, yakarudi.

Akajaribu kliniki. Alitoroka kipindi cha mwisho, akasimama kwenye dirisha la mapokezi.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza karani.

"Nyumbani."

"Wewe unaumwa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umetuletea ugonjwa wa mtu mwingine mfukoni? Mlete mwenyewe. Anayefuata!"

"Nataka kumwambia yule daktari kijana kitu tu..."

"Huyo hayupo, yuko kituo kingine. Anayefuata, nimesema!"

Akarudi nyumbani, akamwambia Bibi, "Twende tena kwa daktari."

"Kufanya nini?"

"Basi tu. Akuangalie."

"Ameshajua ugonjwa, ametoa dawa. Niende tena nikamwambie nini, kwamba simwamini?" Bibi akajifunika kanga mpaka kidevuni. "Wewe una wasiwasi kama baba yako."

Hapo ndipo Redio alipoona alivyonasa. Ili Bibi akubali kwenda, lazima ajue kwamba daktari hajui. Na ili ajue hivyo, lazima ajue nani alimfanya asijue. Redio mwenye mdomo usio na swichi alikaa pale kwenye mkeka. Alimpepea Bibi kwa kipande cha boksi. Ndicho alichoweza.

Asubuhi moja Bibi aliamka anatetemeka. Ngozi yake ilikuwa ya moto ukiigusa. Alimwita Redio kwa jina la baba yake, akamwambia akafunge mbuzi, mvua inakuja. Pale hapakuwa na mbuzi wala mvua. Kisha akaanza kuongea bila kukoma, maneno yanapandana, mengine ya zamani sana hata Redio hakuyajua.

"Anasema nini?" Mama akauliza. "Redio! Anasema nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si lugha yenu?"

"Sielewi, Mama! Anaongea na watu ambao hawapo!"

Mlango ukagongwa. Mama Pacha, na ndoo mkononi, amekuja kulalamika kuhusu zamu ya kufagia. Akachungulia, akamwona Bibi. Ndoo ikawekwa chini.

"Huyu anaungua," akasema. "Mnasubiri nini? Nipandishieni mgongoni." Akambeba Bibi mgongoni kama mtoto, mwanamke yule yule aliyekuwa anamgongea mlango kila asubuhi, wakatoka mbio kutafuta teksi.

Hospitali kubwa walipokelewa na daktari mwanamke, mkavu kidogo, asiyependa maneno mengi. Alimpima Bibi, akambonyeza kiunoni, Bibi akapiga kelele.

"Haya yalianza lini?" akamuuliza Mama.

"Kiuno tu, daktari. Kliniki walimpa dawa."

"Mkojo wake je? Maumivu? Damu?"

"Hapana," akasema Mama. "Hakuwahi kusema chochote."

Daktari akaanza kuandika. Pale ndani walikuwemo wauguzi, Mama Pacha, mwanamume mwenye mguu wa bandeji, na mtu anayepiga deki. Redio aliona kalamu inavyokwenda.

"Alisema," akasema.

Hawakumsikia.

"Alisema!" Sauti ikatoka kubwa, ile ya kwenye kopo la rangi. "Alisema anaungua akikojoa. Alisema mkojo una damu. Aliniambia nimwambie daktari, na mimi sikumwambia. Daktari aliuliza mkojo, nikasema anapata vizuri."

Aliyekuwa anapiga deki akasimamisha fimbo yake. Mama alimwangalia Redio kana kwamba ameletewa mtoto wa mtu.

"Kwa nini?" akauliza Mama.

"Niliona aibu."

Mama hakumpiga. Ingekuwa nafuu kama angempiga.

Daktari akakata alichoandika, akaandika upya. Akaagiza dripu na dawa nyingine. Alisema maradhi yalianza kwenye njia ya mkojo, na kwa kukosa dawa na kukosa maji yamepanda mpaka kwenye mafigo. "Zile dawa za maumivu nazo si rafiki wa figo," akasema. "Tutajaribu."

Tutajaribu. Redio aliwatafsiria watu miaka yote, lakini neno hilo hakutaka kulielewa.

Bibi akalazwa wodi ya wanawake, na watoto hawakuruhusiwa kuingia. Siku iliyofuata Mama alirudi kazini, maana geti la kiwanda halijui mgonjwa wa mtu. Redio alitoka shule moja kwa moja, akazunguka nyuma ya wodi, kwenye dirisha lenye nyavu.

Alimsikia kabla hajamwona. Bibi alikuwa anaita. Dripu alikuwa ameichomoa, shuka lina madoa, na wauguzi wawili wanamfunga mikono kwenye chuma cha kitanda kwa bandeji.

"Bibi, tulia! Tulia, bibi!" walikuwa wanasema, kwa lugha ambayo yeye haijui.

"Kiu!" Bibi alikuwa anasema kwa lugha yake. "Jamani, kiu! Nimewakosea nini? Mnanifungia nini?"

"Anataka maji!" Redio akapiga kelele dirishani. "Sista! Anasema ana kiu! Mfungueni, ana kiu tu!"

"We! Nani huyo dirishani? Mlinzi!"

Mlinzi akaja, akamshika Redio kwa kola ya shati. Hakuwa mkali, alikuwa anafanya kazi yake. Redio akashika nyavu kwa vidole vyote. Bibi aligeuza kichwa kule ilikotoka sauti, lakini macho yake yalipita tu, hayakumshika.

"Anataka maji," Redio akasema tena, safari hii analia. "Hilo ni kweli. Naapa hilo ni kweli."

Ng'ambo ya mlango wa wodi, kwenye korido, alipita nesi mtu mzima, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa amebeba mashuka, anaelekea wodi nyingine. Akasimama. Ukamwona anataka kuendelea. Akapiga hatua, akasimama tena. Halafu akaweka mashuka chini, akaingia, akainama kwenye kitanda cha Bibi, akaongea.

Aliongea lugha yao. Vizuri kabisa, na lafudhi yote.

Bibi akanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa.

"Kumbe unaijua lugha yao?" akauliza muuguzi mmoja, bandeji bado mkononi.

"Ni lugha yetu," akasema yule nesi.

"Miaka yote hii hukusema!"

"Mlikuwa mnacheka mkisikia watu wanaongea hivi. Ningesema ili iweje? Lete maji. Na mfungueni mikono."

Baadaye alitoka nje, akamkuta Redio amekaa chini ukutani, mlinzi amesimama karibu naye hajui amfanye nini. Nesi akamwambia mlinzi, "Niachie huyu." Akajishusha chini kwa shida, akakaa hapo hapo udongoni na sare yake nyeupe.

Redio akamweleza yote. Pazia, viatu vya kiranja, uji. Nesi alisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi anajua?" akauliza.

"Hapana."

"Akipata nafuu utamwambia."

"Mwambie wewe, sista. Wewe unajua kuongea naye."

"Ya kwake nitayasema yote kwa daktari, neno kwa neno. Hayo ni yako."

Homa ilishuka taratibu. Bibi akaanza kunywa, akaanza kula, akaanza kuuliza siku. Daktari alisema atapona, lakini figo moja limeumia na litabaki hivyo. Nesi aliomba ruhusa Redio aingie wodini mara moja, na Redio akaenda akasimama kwenye miguu ya kitanda, akamwambia Bibi. Alisema haraka haraka, kama anatangaza dakika za mwisho, ili asikate katikati.

Bibi hakugomba. Aliuliza kitu kimoja.

"Niliposema sijamwambia mtu yeyote, ulinisikia?"

"Nilikusikia, Bibi."

Bibi akageukia ukutani. Redio akasubiri. Akasubiri sana. Mwisho nesi akamgusa bega, wakatoka.

Nyumbani Bibi alirudi, lakini utani ulipungua. Mume wangu hakusikika. Akitaka kitu alikiomba, akipewa alisema asante, na ile heshima yote ilimuuma Redio kuliko matusi. Mama naye alibadilika. Jioni moja, sahani ziko mezani, Bibi akasema neno, na Mama akamgeukia Redio.

"Amesema nini? Sema alichosema."

Redio akajikuna. "Anasema... hii ni mboga au maji ya kuoshea miguu?"

Mama akaacha kutafuna. "Na siku zote hizo ulizokuwa unaniambia tamu?"

"Siku zote hizo alisema hivyo hivyo."

Mama akaiangalia mboga yake muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaleta chumvi, akaisukuma mbele ya Bibi. Bibi akatia. Akaonja. Akatia tena. Hakuna aliyecheka, lakini wote watatu walimaliza sahani.

Siku ya kurudi kuonwa na daktari, Mama aliomba ruhusa kiwandani bila kujua kama kiti chake atakikuta. Nesi alikuwa na siku yake ya mapumziko, akaja kwa nguo za nyumbani. Mama Pacha ndiye aliyewafungulia geti, akamsemesha Bibi kwa sauti kubwa, kana kwamba lugha ni suala la masikio. Bibi akamjibu kwa kichwa.

Wakakaa kwenye benchi hospitalini: Bibi, nesi, Mama, na Redio mwishoni. Redio alikuwa anabonyeza vidole. Nesi akamwona.

"Bado unajichapa moyoni?" akauliza, kwa lugha ya mjini ili Mama naye asikie. "Sikiliza, nikwambie mara moja, sitarudia. Kuona aibu si kosa. Mimi nimeona aibu humu ndani mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na wazee wetu wangapi wamepita wakifungwa mikono nikiwa wodi ya pili? Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wewe kosa lako halikuwa aibu. Kosa lako ni kusema umesema. Ungemwambia yule daktari, hili siwezi kulitamka, tafuta mtu mwingine, angetafuta. Daktari akijua kwamba hajui, anauliza. Ukimfanya aone anajua, anaandika dawa. Ukishindwa jambo, sema umeshindwa. Hakuna atakayekufa kwa neno hilo. Kwa lile lingine, karibu afe mtu."

"Ndiyo, sista."

"Na wewe, mama." Nesi akamgeukia Mama. "Tulimtwisha mtoto mzigo wa watu wazima, tukafurahi kwamba hapigi kelele. Mzee akiwa hana lugha ya hospitali, atafutwe mtu mzima wa kwao, mwanamke kwa mwanamke. Wapo. Tunajificha tu. Mimi nishajitokeza, nitawatafuta na wengine."

Mama akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta.

Jina la Bibi likaitwa. Redio, kwa mazoea, akasimama wa kwanza, akanyoosha mkono kumshika Bibi kiwiko kama siku zote, mdomo umeshaanza kufunguka kumwambia twende.

Bibi akauangalia ule mkono. Akauchukua, akaubana kidogo katikati ya viganja vyake vikavu, kisha akaurudisha taratibu ubavuni mwa Redio, mahali pake.

"Wewe ni mtoto," akasema. "Kaa."

Redio akakaa. Alitaka kuuliza kama amesamehewa, lakini hilo hakujua aliseme kwa lugha ipi. Bibi akamshika nesi mkono, akamgeuzia mjukuu wake mgongo, akaingia kwa daktari.